Busu Ambalo Halikuwemo

Waulize watu kumi Snow White aliamkaje ndani ya jeneza la kioo. Wengi watakujibu bila kufikiri: alibusiwa na mwana wa mfalme. Katika mkusanyo wa ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, busu hilo halimo. Toleo la kwanza la 1812 linasimulia kwamba watumishi walichoshwa na kulibeba jeneza kutoka chumba hadi chumba. Mmoja akapandwa na hasira, akalifungua, akamwinua msichana na kumpiga mgongoni, na kipande cha tufaa lenye sumu kikamtoka kooni. Matoleo ya baadaye yalilainisha mambo: wabebaji wanajikwaa kwenye kichaka, jeneza linatikisika, kipande kinatoka. Mwana wa mfalme hana alilofanya zaidi ya kuwa karibu. Busu kama dawa lilikita katika kumbukumbu za watu kupitia filamu ya Disney ya 1937.

Na si hapo tu. Hadithi ya chura, ambayo ndiyo inayofungua kitabu cha Grimm, haina busu. Binti mfalme amechoshwa na chura anayedai kulala kitandani mwake, anamkamata na kumbamiza ukutani kwa nguvu zake zote, na hapo ndipo chura anageuka kijana. Binti aliyelala miaka 100 naye, katika maandishi ya Mfaransa Charles Perrault ya 1697, anaamka kwa sababu muda wa uchawi umekwisha. Kijana amepiga magoti tu kando ya kitanda. Wanaongea kwa muda wa saa nne, na Perrault anasema hawakuwa wamemaliza hata nusu ya waliyotaka kuambiana. Kwa Grimm kijana anambusu kweli, lakini soma kwa makini: miaka 100 ilitimia siku ileile, na miiba iliyowaua waliomtangulia ilikuwa imegeuka maua na kumfungulia njia yenyewe. Sifa yake kubwa ni kuwahi siku sahihi.

Haya yangekuwa mambo madogo ya wapenda vitabu vya kale kama yasingegusa kiini cha mjadala unaorudi kila filamu mpya inapotoka: je, mashujaa wa kike wa ngano ni mfano mbaya? Je, mapenzi yaondolewe? Mjadala huo mara nyingi unapigana na kitu ambacho ngano zenyewe hazikukitia uzito.

Ndoa katika ngano hizi ni ujira. Hulipwa mwishoni, msichana akishamaliza kazi, kama kibarua alipwavyo jioni. Ndiyo maana msimulizi wa kale hakujisumbua kueleza walipendanaje. Habari yake ilikuwa njaa, kifo cha mama, baba asiyejali, msitu, na jinsi mtu mdogo asiye na mtetezi anavyovuka salama. Filamu za karne ya 20 ziliubeba ujira ule zikauweka katikati, zikaufanya sababu ya yote, halafu zikaipunguza kazi iliyokuwa ikilipiwa. Akabaki shujaa anayesubiri. Wanaotaka kumkomboa leo huhangaika na ujira: waufute, wamfanye kijana kuwa mwovu, au wampe binti upanga. Kilichopotea ni kazi, na hakirudi kwa njia hizo.

Cinderella anaonyesha jambo hili vizuri kuliko wote, kwa hiyo inafaa kumwangalia kwa vipimo.

Katika toleo la mwisho la Grimm, la 1857, baba anasafiri na kuwauliza mabinti zawadi wanazotaka. Wa kambo wanataka nguo na lulu. Yeye anaomba tawi la kwanza litakalogonga kofia ya baba njiani. Analipanda kwenye kaburi la mama yake, analimwagilia kwa machozi, na kulitembelea mara tatu kwa siku hadi linakuwa mti. Mti huo ndio unaompa nguo. Hakuna mgeni anayetokea kumwonea huruma. Msaada wote umetoka katika kitu alichokiomba, akakipanda na kukitunza mwenyewe. Kisha mama wa kambo anamwaga bakuli la dengu majivuni na kumpa saa mbili azichambue. Anawaita ndege, kazi inaisha. Anapewa mabakuli mawili kwa saa moja, na kazi inaisha tena. Ahadi inavunjwa. Anakwenda kwenye sherehe hata hivyo, bila ruhusa ya mtu.

Sherehe ni ya siku tatu, na hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita. Katika toleo hilo hakuna saa inayogonga usiku wa manane. Anaondoka kwa sababu anataka kuondoka. Siku ya kwanza anaruka ndani ya kibanda cha njiwa, ya pili anapanda mti wa mapeasi kama kindi, na siku ya tatu kijana anapaka lami ngazini ili amnase, akaambulia kiatu. Mara tatu msichana ameamua mwenyewe mwisho wa usiku uwe lini. Perrault alitumia sharti la saa sita usiku, na filamu ya Disney ya 1950 ikalifuata na kubana kila kitu katika usiku mmoja. Kwa msukumo wa drama, saa inafanya kazi nzuri sana; hakuna mwandishi atakayeikataa kirahisi. Lakini ina gharama yake. Uamuzi wa kuondoka umetolewa kwa msichana ukapewa mashine ya ukutani. Na usiku mmoja hautoshi kumjua mtu, kwa hiyo mapenzi yanabidi yawe ya ghafla, halafu tunamlaumu msichana kwa kupenda ghafla.

Haki lazima itendeke kwa Perrault pia. Cinderella wake ana ulimi. Mlezi wake wa kichawi anapokwama kupata mwendesha gari, yeye ndiye anayependekeza waangalie kwenye mtego kama kuna panya. Mwishoni hangoji kuitwa: anacheka na kusema, hebu nione kama kiatu hakitanienea, kisha anatoa mwenzake mfukoni. Filamu ya 1950 ilihifadhi kiatu cha pili, na ni tukio bora kabisa la filamu nzima, kwa sababu kwa mara ya kwanza yeye ndiye mwenye ushahidi na wengine wote wameduwaa. Tatizo ni kwamba muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amefungiwa chumbani akisubiri panya wamletee ufunguo.

Uhariri nao una namna yake ya kuharibu kwa nia njema. Mwaka 1812 Rapunzel anamwuliza mlezi wake kwa nini nguo zimeanza kumbana. Mtu mzima anaelewa mara moja. Wasomaji walilalamika kwamba kitabu hakifai watoto, na Wilhelm, aliyeshika zaidi kazi ya uhariri baada ya hapo, akabadilisha swali: sasa Rapunzel anauliza kwa nini yeye, mwanamke mzee, ni mzito kumvuta kuliko mwana wa mfalme. Aibu imeondoka na akili imeondoka nayo. Msichana ambaye hakuwa anaujua mwili wake, kosa la waliomlea mnarani, amekuwa mpumbavu anayejichongea mwenyewe. Mapacha bado wapo mwishoni mwa hadithi, hata hivyo. Amewalea jangwani peke yake, kijana akizurura miaka kadhaa huku macho yamepofushwa na miiba, hadi machozi mawili ya Rapunzel yakamponya. Ukiambiwa hii ni hadithi ya mwanamke aliyeokolewa na mwanamume, uliza ni ukurasa gani.

Mabadiliko mengine yalikwenda mbali zaidi. Mama anayetaka kumwua Snow White mwaka 1812 ni mama yake mzazi. Mwaka 1819 akafanywa mama wa kambo. Mwaka 1825 wakatoa toleo dogo la hadithi 50 kwa ajili ya familia, na hilo ndilo lililosambaa majumbani. Mkusanyo kamili ulikuja kupita hadithi 200. Kwa hiyo mtu anapotoa hukumu juu ya "wanawake wa ngano", mara nyingi anahukumu mabinti watano au sita waliochujwa mara mbili: kwanza na mhariri, kisha na studio ya filamu.

Wapo wanaosema basi turudi kwenye asili. Shauri hilo lina kasoro kubwa: asili ipi? Giambattista Basile wa Napoli, ambaye kitabu chake kilitoka kati ya 1634 na 1636 baada ya kufa kwake, ana Cinderella aitwaye Zezolla anayemwua mama wa kambo kwa kumbamizia kifuniko cha kasha shingoni. Ana pia mrembo aliyelala, Talia. Mfalme anamwingilia akiwa usingizini na kuondoka, anazaa mapacha bila kuamka, na anayemwamsha ni mtoto anayenyonya kidole chake na kukitoa kibanzi cha kitani. Nani atakayetaka kurudi huko? Nyuma zaidi, China ya karne ya 9, Duan Chengshi aliandika hadithi ya Ye Xian, yatima mwenye mifupa ya samaki inayotoa kila aombacho, naye hupoteza kiatu cha dhahabu. Kila zama imeipasua ngano na kuishona upya. Matoleo ya zamani yana faida moja tu kwa mwandishi wa leo: yanaonyesha ni mshono upi ulikuwa hiari ya mtu na upi unashika nguo nzima.

Watu husahau pia kwamba ngano za kuandikwa zilikuwa kazi ya wanawake kabla hazijawa kazi ya Grimm. Marie-Catherine d'Aulnoy aliingiza hadithi ya aina hii ndani ya riwaya yake mwaka 1690, miaka saba kabla ya kitabu cha Perrault. Gabrielle-Suzanne de Villeneuve aliandika Mrembo na Mnyama mwaka 1740, kwa urefu wa riwaya. Jeanne-Marie Leprince de Beaumont, mwalimu aliyefundisha mabinti Uingereza, akaifupisha mwaka 1756, na hiyo ndiyo tunayoijua.

Kwa Villeneuve, Mnyama anauliza swali moja kila usiku: utalala nami? Beaumont alilitia staha kidogo: utakuwa mke wangu? Vyovyote, mwanamke anajibu hapana, usiku baada ya usiku kwa muda wa miezi, na hakuna adhabu inayofuata. Mnyama wa Beaumont anamwambia kwamba mwenye amri ndani ya nyumba ni yeye mwanamke, si Mnyama. Akichoshwa naye, amwambie aondoke, ataondoka papo hapo. Hilo ni somo la ridhaa lililo wazi kuliko filamu nyingi zinazojiita za kisasa. Sasa liweke kando ya filamu ya Disney ya 1991, ambamo Mrembo anaitwa Belle. Belle anasoma vitabu, anamkataa mchumba mwenye majivuno, anachukua nafasi ya baba kwa hiari; yote mazuri. Lakini Mnyama sasa anafoka, anaamuru aje mezani, na hadithi imekuwa ya kijana kujifunza kuzuia hasira kabla petali ya mwisho ya ua la uchawi haijapukutika. Belle amegeuzwa kuwa matibabu. Lawama iliyozoeleka, kwamba amempenda mtekaji wake, haifiki kwenye jambo lenyewe. Swali zito ni hili: mabadiliko ya nani yanaendesha msuko, na saa ya nani inahesabiwa?

Takwimu zinatonesha kidonda hichohicho. Mwaka 2016 wanaisimu Carmen Fought na Karen Eisenhauer walihesabu maneno ya wahusika katika filamu za Disney zenye binti mfalme. Katika Snow White wanawake na wanaume waligawana karibu nusu kwa nusu. Katika Cinderella wanawake walikuwa na asilimia 60, na katika ile ya binti aliyelala, asilimia 71. Kisha likaja kundi la filamu zilizosifiwa kwa mabinti wajasiri: ya nguva ya 1989, wanaume asilimia 68, ya Belle, asilimia 71. Hata Frozen ya 2013, yenye ndugu wawili wa kike kama nguzo, iliwapa wanawake asilimia 41 tu. Sababu haikuwa njama. Waandishi waliijaza dunia inayomzunguka binti, na kila walipohitaji kaa mwimbaji, saa inayoongea, muuza duka au askari, wakamfanya mwanamume kwa mazoea. Filamu za zamani zilikuwa na mama wa kambo, dada, mlezi na vichimbakazi watatu, na wote wanaongea. Msichana jasiri akapelekwa peke yake katika kijiji cha wanaume.

Idadi ya maneno isichukuliwe kama mizani ya mwisho, lakini. Binti wa hadithi ya mabata maji sita kwa Grimm hasemi wala hacheki kwa miaka sita, akishona mashati ya maua ili kaka zake warudi kuwa watu. Anaibiwa watoto, anapelekwa kuchomwa moto, na bado hafungui mdomo. Kwa kuhesabu maneno ni sifuri. Kwa uamuzi hakuna anayemfikia.

Nguva wa Hans Christian Andersen, wa 1837, ndiye aliyetendewa vibaya zaidi na marekebisho, pengine kwa sababu ndiye mgumu kuuzika. Anachotaka ni roho isiyokufa. Nguva huishi miaka 300 kisha huwa povu, na ndoa na binadamu ndiyo njia aliyoambiwa ya kuipata roho hiyo. Analipa kwa ulimi wake uliokatwa na kwa kila hatua inayochoma kama kisu. Kijana anaoa mwingine. Dada zake wanauza nywele zao kwa mchawi wapate kisu: amwue bwana arusi, atarudi kuwa nguva. Anasimama juu ya waliolala, kisha anakitupa kisu baharini. Hapo ndipo hadithi inapogeuka, katika mkono wa mtu asiye na sauti. Filamu ya 1989 ilimpa siku tatu, ikampa harusi, na ikamwachia kijana usukani wa meli inayomwua mchawi. Alipewa furaha, akanyang'anywa uamuzi. Ni biashara mbaya, ingawa kwa watoto nadhani naielewa.

Sasa njia zinazotumika kurekebisha. Upanga ndio rahisi, na ndio dhaifu: ukimpa binti mafunzo ya vita lakini kilele kikaamuliwa na mwingine, umebadilisha mavazi. Njia ya pili ni kumfanya kijana kuwa msaliti. Hii inahitaji dalili mapema, angalau mbili ambazo mtazamaji anaweza kuzirudia na kuziona. Zikikosekana, funzo linalobaki ni kwamba kupenda ni ujinga. Ya tatu ni kulihamisha busu: katika Frozen ya 2013 tendo la upendo lilitoka kwa ndugu, katika Maleficent ya 2014 busu likatoka kwa yule aliyeweka laana. Zote mbili zilifanya kazi kwa sababu upendo huo ulikuwa umejengwa kwa matukio mengi kabla. Anayeiga leo mshtuko bila kuujenga anapata mshtuko ambao kila mtu alishautarajia. Ya nne, kufuta mapenzi kabisa, haina ubaya, ila inamwacha binti bila ujira wowote, na mtazamaji anahisi pengo hata asipojua linatoka wapi. Ujira si lazima uwe mume. Lakini lazima ulipwe.

Kwa anayeandika upya ngano, au anayeifundisha darasani, karatasi moja inatosha kuanzia. Andika hadithi nzima kwa sentensi 12, usizidishe. Pigia mstari kila kitenzi ambacho mtendaji wake ni msichana. Kisha tenganisha vitenzi vya kutii na vya kuamua: kuchambua dengu ni kutii, kwenda kwenye sherehe bila ruhusa ni kuamua. Ukiwa na vingi vya kutii na kimoja cha kuamua, usiongeze vitendo. Hamisha kile kimoja kikae kwenye sentensi ya kumi au ya kumi na moja, mahali hadithi inapogeukia. Kosa la kawaida ni kukiweka mwanzoni. Binti anatoroka nyumbani kwa ushujaa katika sentensi ya pili, halafu anabebwa hadi mwisho.

Baada ya hapo mwondoe kijana. Hadithi ikianguka yote, ni ya kwake. Ikibaki imesimama na kukosa mwisho tu, yeye ni ujira, na unaweza kuamua kwa utulivu kama ujira huo unafaa. Ukitaka awe zaidi ya ujira, hesabu wamekutana mara ngapi kabla ya ahadi. Mara tatu ndicho kiwango ambacho ngano zenyewe zinakizoea, na kila mara lazima mmoja ajifunze jambo asilolijua juu ya mwenzake. Kucheza muziki mara tatu bila kujuana jina ni mara moja iliyorudiwa.

Mwisho jaribu karatasi hiyo kwa hadithi ya 46 ya Grimm, iliyomo tangu 1812. Mchawi anawateka dada watatu mmoja baada ya mwingine, akitafuta mke. Kila mmoja anapewa funguo za nyumba na yai, abebe yai kila aendako, na asifungue mlango mmoja. Wawili wa kwanza wanaufungua wakiwa na yai mkononi, linaanguka katika beseni la damu, doa halifutiki, wanauawa. Wa tatu anawakuta wamekatwa vipande, anapanga viungo mahali pake hadi wanafufuka, anamtumikisha mchawi mwenyewe kuwabeba nyumbani katika kapu lililofunikwa dhahabu, kisha anajipaka asali, anajigaagaza katika manyoya na kutoka mlangoni kama ndege, akipishana na wageni wa harusi njiani. Hakuna mwana wa mfalme hata mmoja. Sentensi inayoamua yote ni fupi na ya kinyumbani kabisa: kabla ya kufungua ule mlango, aliliweka yai mahali salama.